Daftari la Ubatizo Si Mali Yetu



Kila tarehe 17 Desemba shemasi au padre husimama kwenye mimbari akasoma nasaba ya Yesu kama alivyoiandika Mathayo, na kila mwaka sisi tulio kwenye mabenchi hufanya yale yale: tunasubiri afike kwa Shealtieli na Zerubabeli tuone kama ulimi utateleza. Wengine tunahesabu vigae vya sakafu. Ni majina tu, tunasema moyoni, ya watu waliokufa zamani. Safari hii tulisikiliza tofauti kidogo, kwa sababu ya jambo lililotupata wakati wa likizo ndefu. Tunataka kuliandika hapa hata kama halitupi sifa nzuri.

Tulikuwa mafrateri watatu tuliopangiwa kazi za kichungaji katika parokia moja kongwe ya bara. Paroko alitukabidhi kazi ambayo kwetu haikuonekana ya kichungaji hata kidogo: kuingiza kwenye kompyuta majina yote yaliyomo katika vitabu vya ubatizo vya zamani, kabla mchwa hawajamaliza kazi yao. Ni vitabu vikubwa, vizito, vimeandikwa kwa wino na kwa Kilatini. Yosefu ni Josephus, Yohane ni Joannes, na jina la nyumbani limeandikwa jinsi sikio la mmisionari lilivyolisikia siku hiyo, hivyo ukoo mmoja unaweza kuwa na tahajia nne ndani ya ukurasa mmoja. Tarehe ya kuzaliwa ya mtu mzima mara nyingi imetanguliwa na neno circa, yaani kukisia. Wiki ya kwanza tulilalamika sana. Wiki ya pili tulianza kuwatambua mapadre kwa miandiko yao, na kujua yupi alikuwa na haraka na yupi alikuwa mvumilivu.

Habari zilienea kwenye jumuiya ndogo ndogo kwamba mafrateri wanafungua vitabu vya zamani, na watu wakaanza kuja. Kwanza walikuja wenye shida ya cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa. Kisha wakaja wale wanaotafuta watu wao. Siku hizi koo nyingi zina mkutano wa Desemba, zina mwenyekiti na mhazini, zina kitabu cha ukoo kinachoandikwa na mwalimu mstaafu, na zina kundi la WhatsApp ambamo kijana aliyeko Dar es Salaam anamuuliza shangazi yake kijijini nani alimzaa nani. Tunaliona jambo hili kuwa jema. Kizazi kilichotawanyika kwa kazi na masomo kinataka kujua kilikotoka, na wazee waliokuwa wakisimulia jioni wanapungua.

Mzee tunayemkumbuka zaidi alikuja asubuhi ya Jumatano. Ana miaka sabini na kitu, koti lake lilikuwa limepigwa pasi, na alikaa kwenye benchi nje ya ofisi hadi tulipomaliza chai. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza hali za masomo, akamuuliza kila mmoja wetu anatoka wapi na ni mtoto wa nani. Baada ya hapo ndipo aliposema shida yake. Ukoo wao unajiandaa kwa mkutano. Wajukuu wamechora mti wa ukoo na watauchapisha mgongoni mwa fulana. Kila mtu kwenye mti ana mwaka wake isipokuwa baba yake yeye.

"Frateri," alisema, "wameniwekea alama ya kuuliza. Baba yangu hawezi kuwa alama ya kuuliza mgongoni mwa watoto."

Alitutajia jina la ubatizo la baba yake, jina la bibi yake, na kigango. Tulimpata kabla ya saa sita, katika kitabu cha miaka ya 1930, mtoto wa wiki tatu. Jina lake lipo, la mama yake lipo. Mahali pa baba, kwa mwandiko mzuri usio na haraka, padre alikuwa ameandika maneno mawili: patris ignoti. Mtoto wa baba asiyejulikana. Yule babu ambaye jina lake ndilo jina la ukoo, ambaye kwenye mti wa wajukuu amekaa kwenye shina lenyewe, hakuwemo mahali pale.

Tulitazamana. Katika eneo lile shamba hurithiwa kwa upande wa baba, na mzee alikuwa ametuambia, kama kwa kupita tu, kwamba ana maneno kidogo na watoto wa baba yake mdogo juu ya mpaka. Tulifunga kitabu, mmoja wetu akatoka nje akamwambia, "Mzee, hajaonekana. Labda alibatizwa parokia nyingine." Alishukuru, akatuachia mfuko wa parachichi aliokuwa amekuja nao, akapanda bodaboda akaondoka.

Tuliyala yale maparachichi, na tunakiri hilo pia.

Kabla ya kueleza kilichofuata, inafaa tuseme kwa nini maneno yale mawili yalikuwa pale, maana wengi huyaona kuwa ni tusi la padre. Hayakuwa tusi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 777, ilielekeza kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aandikwe kwa namna hiyo ikiwa baba hakujulikana kwa njia zilizokubalika kisheria. Padre hakuandika uvumi wa kijiji. Inawezekana kabisa kwamba kijiji kizima kilijua. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, imelilainisha jambo hilo. Kanuni ya 877 inasema jina la baba liandikwe ikiwa ubaba wake umethibitishwa kwa hati ya serikali au kwa tamko lake mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili; vinginevyo jina la mtoto huandikwa bila kumtaja baba, na neno "asiyejulikana" halihitajiki tena. Sisi tutakaoandika vitabu hivyo baada ya miaka michache tunapaswa kuijua tofauti hiyo kwa moyo. Mstari mmoja unaoandikwa kwa dakika mbili baada ya Misa, huku watu wakisubiri picha, unaweza kusomwa na mjukuu baada ya miaka tisini.

Vitabu vyenyewe vina historia ndefu kuliko misheni zetu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko wawe na kitabu cha ndoa, na pia waandike majina ya wasimamizi wa ubatizo. Sababu ya agizo hilo la pili itakuwa na maana mbele kidogo: enzi hizo msimamizi alihesabiwa kuwa ndugu wa kiroho wa mbatizwa na wa wazazi wake, na udugu huo ulikuwa kizuizi cha ndoa. Hadi leo kitabu kinatumika kwa jambo linalofanana na hilo. Kanuni ya 1091 inakataza ndoa kati ya ndugu wa damu wa pembeni hadi ngazi ya nne, yaani hadi watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, wa shangazi na mjomba. Wazee wetu wengi wana miiko mikali kuliko hiyo, na yule anayesimama wakati wa matangazo ya ndoa akasema "hawa ni wa ukoo mmoja" anafanya utafiti wa nasaba bila kuuita hivyo.

Turudi kwenye uongo wetu. Usiku ule wakati wa chakula tulimsimulia paroko, tukitarajia atatusifu kwa busara. Aliweka kijiko chini. Alituuliza nani alitupa ruhusa ya kumficha mtu baba yake. Tulijibu kwamba baba mwenyewe ndiye hayupo, na kwamba tulikuwa tunamlinda mzee na shamba lake. Akauliza swali la pili: msimamizi alikuwa nani? Hatukujua. Tulikuwa tumesoma hadi kwenye yale maneno mawili tukafunga kitabu.

Mmoja wetu watatu bado anaamini kwamba tulifanya vema mara ya kwanza, na hoja yake ina uzito. Yule bibi alimleta mtoto kanisani katika hali ya aibu, akamwamini padre. Je, ni haki aibu yake ianikwe mbele ya wajukuu wenye simu za kupiga picha? Kanuni ya 535 yenyewe inamtaka paroko azuie vitabu visianguke mikononi mwa watu wengine. Na hatuko katika dunia ya amani. Karatasi moja yaweza kumtoa mtu kwenye shamba alilolima maisha yake yote. Tunakubali hayo yote. Ila anayelindwa kwa uongo hakuulizwa kama anataka kulindwa. Na kuna jambo lingine tulilolitambua baadaye: sehemu ya uoga wetu haikumhusu mzee. Hatukutaka kuwa watu watakaomwambia. Hilo ni jambo tofauti na busara, ingawa huvaa kanzu yake.

Kanisa limewahi kujifunza kwa uchungu kwamba kitabu kilichofungwa hufunguka tu siku moja. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, huko Marekani, waliwauza watumwa wao 272 kwenda Louisiana kwa dola 115,000, na sehemu ya fedha hizo ililipa madeni ya chuo chao cha Georgetown. Mkuu wa Shirika kule Roma, Jan Roothaan, alikuwa ametoa ruhusa kwa masharti, likiwemo la kutotenganisha familia na kuwaacha watu waendelee kushika dini yao. Masharti hayo hayakulindwa inavyopaswa. Waliouzwa walikuwa Wakatoliki, waliobatizwa na wale wale waliowauza. Habari hizi hazikuwa siri kwa wanahistoria, lakini ilipofika miaka ya 2015 na 2016 ndipo watu walipoanza kuwatafuta wazao wao kwa majina, na waliwapata kwa maelfu. Waliwapataje? Kwa sababu hati ya mauzo haikuchomwa moto, na kwa sababu parokia za Louisiana ziliendelea kuandika ubatizo, ndoa na mazishi ya watu hao na watoto wao. Mwezi Aprili 2017 Wajesuiti waliwaomba msamaha wazao hao katika ibada pale Georgetown, na jengo lililokuwa na jina la Thomas Mulledy, aliyeongoza mauzo yale, likapewa jina la Isaac Hawkins, mtu wa kwanza kutajwa kwenye hati.

Tumeifikiria sana habari hiyo tukiwa na vitabu vyetu mezani. Taasisi iliyowakosea watu hao ndiyo iliyoyatunza majina yao. Hatusemi kwamba jambo la pili linafuta la kwanza. Lakini kama angetokea mtu mwenye "busara" kama yetu akaichana kurasa ile kwa kulinda heshima ya Shirika, wazao wale wasingekuwa na pa kuanzia.

Na kwetu pia wapo wasio na pa kuanzia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliobatizwa na kufunga ndoa pale kwa miaka mingi walikuwa watu waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wao wakiwa watoto waliofika bila mtu wa kuwatajia ukoo wao. Mtakatifu Josefina Bakhita, aliyezaliwa Darfur karibu mwaka 1869, alilisahau hata jina alilopewa na mama yake. "Bakhita" aliitwa na waliomteka. Siku ya ubatizo wake huko Venice, tarehe 9 Januari 1890, jina liliandikwa kitabuni na nyuma ya jina hilo hapakuwa na kitu. Anayetafuta mizizi ya familia kama hizo hufika ukingoni, akakuta ukurasa wa ubatizo ndio mwanzo wa dunia.

Darasani tunasoma kitabu cha John Mbiti, African Religions and Philosophy, cha mwaka 1969, ambamo ametumia maneno yetu mawili, sasa na zamani, kueleza wakati. Kwa maelezo yake, marehemu hubaki karibu nasi maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Akiisha kufa wa mwisho aliyemjua, naye huzama katika zamani. Wakati wa mtihani tuliliandika hilo bila kusita. Ndani ya ile ofisi yenye harufu ya karatasi kuukuu tulipata wasiwasi nalo. Mtu ambaye hakuna hata mmoja anayemkumbuka, ambaye hata kaburi lake limelimwa, yupo pale, namba 212, Joannes, amebatizwa Jumamosi Kuu. Yuko wapi huyo, kwenye sasa au kwenye zamani? Profesa akisoma hapa atusaidie.

Mtume Paulo anamwonya Timoteo dhidi ya nasaba zisizo na mwisho, na wapo mapadre wanaoutumia mstari huo kuwafukuza watu wenye maswali ofisini. Lakini Paulo huyo huyo, akiwaandikia Wafilipi, anajitaja kuwa wa kabila la Benyamini bila mtu kumuuliza. Alichokiogopa ni majivuno. Nasi tumeyaona: kuna waliokuja wakitafuta kuthibitisha kwamba wao ni wa nyumba ya mtemi, na wakioneshwa kwamba babu yao alikuwa mpagazi wanasema kitabu kimekosewa. Wapo pia wanaoamini kwamba siku hizi kipimo cha vinasaba kinamaliza ubishi wote. Kipimo kitakuambia damu ni ya nani. Hakitakuambia nani alimbeba mtoto mgongoni kumpeleka zahanati.

Kuhusu intaneti, tutasema kwa kifupi kwa sababu vijana wengi wanatuuliza kwa nini vitabu vyetu havimo humo. Wamormoni wa Marekani wamekusanya nakala za kumbukumbu za nasaba kutoka duniani kote, na kwao kazi hiyo inaambatana na desturi ya kuwabatiza wafu kwa kuwakilishwa. Kwa sababu hiyo, mwezi Aprili 2008 Vatikano iliwaomba maaskofu wasiwakabidhi nakala za vitabu vya parokia. Sisi tunaliona katazo hilo kuwa la haki. Lakini lisitumike kama kisingizio cha kumnyima Mkristo wetu mwenyewe kumwona bibi yake.

Paroko alimtuma katekista amwite mzee. Alikuja Ijumaa, koti lile lile. Paroko alimwambia wazi kwamba mafrateri walikuwa wamempata baba yake na hawakusema, nasi tukaomba radhi tukiwa tumesimama. Kisha akamweleza kwamba ndani ya kitabu kuna jambo la familia, kwamba ni yeye tu atakayeoneshwa, hakuna atakayepiga picha, na kwamba ana hiari ya kutolitazama. Mzee alisema alete.

Alisoma jina la baba yake kwa kidole. Alisoma la bibi yake. Paroko alimtafsiria yale maneno mawili. Alinyamaza muda mrefu, nje wanakwaya walikuwa wakifanya mazoezi ya wimbo mmoja wakirudia pale pale, na sisi tulitamani sakafu itumeze. Kisha akauliza, "Na huyu wa pembeni ni nani?"

Safu ya mwisho, ile ambayo hatukuisoma, ilikuwa ya msimamizi wa ubatizo. Aliyeandikwa pale ni yule babu, yule wa kwenye shina la mti wa wajukuu. Hakumzaa yule mtoto. Alimshika siku ya ubatizo, na kwa namna ambayo kitabu hakielezi, akamchukua akawa wake, akampa jina na shamba.

"Kwa hiyo alijua," mzee alisema. "Alijua tangu mwanzo."

Hatukumwelewa vizuri siku ile. Tulimwelewa tarehe 17 Desemba. Mathayo anaporithisha majina kutoka Ibrahimu na Daudi, anafika kwa Yosefu, na hapo anaacha kusema "akamzaa". Anasema Yosefu mumewe Maria, aliyemzaa Yesu. Nasaba yote ile imepitia kwa mtu ambaye si mzazi kwa damu, na Mathayo hakuficha. Tuliporudi kuisoma taratibu tuliona jambo jingine. Ili apate mafungu yake ya vizazi kumi na vinne, Mathayo ameruka wafalme watatu kati ya Yoramu na Uzia: Ahazia, Yoashi na Amazia. Basi naye alichagua. Ila amewaacha wafalme, akawabakiza Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, wale ambao mwenyekiti yeyote wa kamati ya ukoo angependekeza wasichapishwe kwenye fulana.

Hatujui mzee aliwaambia nini watoto wake, wala kama ule mpaka umepata suluhu. Si haki yetu kujua. Alichotuomba ni mwaka na tarehe ya ubatizo, tukamwandikia kwenye karatasi, akaikunja mara nne akaitia mfuko wa ndani wa koti. Mlangoni alituuliza kama yale maparachichi yalikuwa yameiva vizuri.

Kwenye kompyuta tulikuwa tumetengeneza safu ya baba na ya mama, na ya msimamizi tulikuwa tumeiacha ili tumalize haraka. Tulianza upya kuanzia kitabu cha kwanza. Likizo iliisha tukiwa tumefika mwaka 1941. Vimebaki vitabu sita, na cha mwaka 1946 kimeliwa pembeni, upande ule ule wa wasimamizi, kwa hiyo watakaopangiwa parokia hiyo likizo ijayo tunawaomba waanze na hicho.